Je, 4294967297 ni namba tasa?

Ndugu muulizaji, umeeleza kwamba umeigawa 4294967297 kwa namba tasa zote zilizo chini ya 100 bila kupata kigawo, na sasa unauliza kama unaweza kuiita tasa. Usiiite hivyo. Namba hii ni 2 kwa kipeo cha 32 ukiongeza 1. Mwanahisabati Fermat mwenyewe aliidhania kuwa tasa, hadi mwanahisabati mwenzake Euler alipoipatia vigawo mwaka 1732.

Badala ya kujaribu kila namba tasa hadi kipeuo chake cha pili, ambacho kinazidi 65536 kwa kiasi kidogo mno, tumia alichokithibitisha Euler: kigawo tasa chochote cha namba hii, kikigawanywa kwa 64, lazima kibakishe 1. Hivyo utajaribu 193, 257, 449 na 577, ambazo zote zitaacha baki, kisha 641 itaigawa kamili na kukupa 6700417, ambayo ni tasa (kuithibitisha huhitaji kuvuka 2588, iliyo karibu na kipeuo chake cha pili, na kanuni ileile ya 64 inapunguza kazi sana).

Jihadhari na programu za kompyuta zinazohesabu kwa biti 32 (yaani tarakimu 32 za 0 na 1), kwani huweza kuisoma namba hii kuwa 1. Iwapo unatafuta namba tasa za kulindia taarifa za siri, usitegemee majaribio ya mkono. Mwone mtaalamu wa fani hiyo.