Gari la Kwanza la Lotus

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesikia mara nyingi kwamba kampuni ya magari ya Lotus ya Uingereza ilitokana na gari la mashindano lililoundwa na mwanafunzi. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, gari hilo liko wapi?
Msomaji wa Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, ni kweli. Mwanafunzi huyo ni Colin Chapman, aliyezaliwa mwaka 1928 na kusomea uhandisi wa ujenzi katika University College, London. Huku akisoma alikuwa akinunua na kuuza magari yaliyokwisha kutumika, biashara iliyomlipa vizuri hadi mwaka 1947, serikali ilipofuta mgao wa petroli kwa magari ya matembezi. Nani angenunua gari asiloweza kulitia mafuta? Chapman aliuza magari yake kwa hasara, akabakiwa na Austin Seven moja kuukuu isiyopata mnunuzi.

Gari hilo ndilo alilolivua bodi na kulijenga upya, likakamilika mwaka 1948, katika gereji ya wazazi wa mchumba wake, Hazel Williams, kaskazini mwa London. Hapa masomo yake yalionekana wazi: badala ya bodi ya kawaida alitumia plaiwudi iliyobandikwa alumini, ili bodi yenyewe isaidie kuikaza chesisi dhaifu ya Austin, kama inavyofanyika katika ndege. Kwa maoni yangu, hilo lina uzito kuliko ushindi wowote ambao gari hilo liliupata. Tena halikuundwa kwa ajili ya kukimbizana barabarani, bali kwa mashindano ya kupanda vilima vya matope, ambamo dereva hupimwa kwa umbali anaoufikia kabla gari halijakwama.

Mbio zenyewe zilikuja na gari la tatu, la mwaka 1951, lililojengwa kwa kanuni za klabu ya 750 Motor Club. Katika injini ya Austin, silinda nne hugawana njia mbili tu za kuingizia hewa na mafuta, kila njia ikihudumia silinda mbili. Chapman akaigawa kila njia kwa ndani, na nguvu ikaongezeka kiasi kwamba washindani wakaachwa mbali na klabu ikabadilisha kanuni ili kupiga marufuku mbinu hiyo. Mwaka 1952 alianzisha kampuni kwa pauni 25 alizokopeshwa na Hazel, na baadaye timu yake ikatwaa ubingwa wa watengenezaji wa Formula One mara 7.

Ama gari la kwanza, Chapman aliliuza mwaka 1950, na tangu hapo halijulikani lilipo. Mwaka 2018, katika kuadhimisha miaka 70, kampuni iliwaomba wapenzi wa magari duniani kote wasaidie kulitafuta, wakague maghala na gereji za zamani. Namba yake ya usajili ilikuwa OX 9292.