Tony Allen, mikono na miguu iliyoibeba Afrobeat

Wiki hii mmetuuliza: ni mwanamuziki gani wa Afrika aliyefanya kazi kubwa, sifa zikaenda kwa mwingine? Langu ni jina moja, Tony Allen, mpiga drams wa Nigeria.

Ukitaja Afrobeat, muziki wa Nigeria unaochanganya jazz, highlife (muziki wa dansi wa Afrika Magharibi) na ngoma za Wayoruba, watu watakujibu Fela Kuti, mwimbaji na kiongozi wa bendi. Sawa, anastahili. Maneno yale makali ni yake, saksafoni ni yake, na vipigo vya wanajeshi vilimwangukia yeye na watu wake. Lakini jaribu kuziondoa drams kwenye nyimbo zile kichwani mwako, uone kama kuna kitu kinabaki kimesimama. Fela mwenyewe alikiri kwamba bila Tony Allen kusingekuwa na Afrobeat.

Nimekalia kiti cha drams kwenye bendi ya dansi mwaka wa kumi na moja sasa, kwa hiyo nivumilieni nieleze alichokuwa akikifanya. Wengi wetu tumefundishwa kulinda mapigo: mguu wa kulia kwenye ngoma kubwa, mkono wa kushoto unajibu, matoazi yanahesabu, basi. Allen aliigawa kazi tofauti. Kila mkono na kila mguu ulikuwa na la kwake la kusema. Ngoma kubwa haitui pale unapoitegemea, inakuacha unaning'inia kidogo ndipo idondoke. Mkono wa kushoto unanong'ona vipigo vidogo ambavyo mimi nilivigundua siku nilipovaa visikilizio. Mguu wa kushoto nao unayafungua na kuyafumba matoazi kama mtu anayevuta pumzi. Ungeapa wamekaa watu wanne. Na hapigi kwa nguvu! Anabembeleza, wimbo unafika dakika kumi na tano na mchezaji hajachoka.

Ufundi huo hakuzaliwa nao. Alizaliwa Lagos mwaka 1940, baba Mnigeria, mama mwenye asili ya Ghana, akajifunza drams mwenyewe huku akifanya kazi ya ufundi redioni. Kwenye bendi ya highlife ya Victor Olaiya alianzia kwenye vijiti vya kugonganisha. Nyumbani alisikiliza santuri za wapiga drams wa jazz wa Marekani, Max Roach na Art Blakey, na ilikuwa makala ya Roach kuhusu matoazi ya mguu, aliyoisoma kwenye jarida la jazz, iliyomfanya auzoeze mguu wa kushoto wakati wenzake wa Lagos wakiyaacha matoazi yale yamefungwa tu. Makala moja ya jarida! Kisha akayachanganya hayo na highlife na ngoma za Wayoruba alizokua akizisikia.

Alikutana na Fela mwaka 1964. Wakapiga jazz pamoja, ikaja bendi ya Fela ya Koola Lobitos, safari ya Marekani mwaka 1969, kisha bendi ya Africa 70. Kuna jambo moja hapa ambalo kwangu linamaliza ubishi wote: Fela aliwatungia wapigaji wake sehemu zao, gitaa, besi, tarumbeta, wote. Allen peke yake aliachiwa atunge ya kwake. Sasa mtu wa namna hiyo utamwita msindikizaji?

Mwishoni mwa miaka ya 1970 aliondoka, akilalamikia malipo na msururu wa watu waliomzunguka Fela. Katikati ya miaka ya 1980 akahamia Paris, akaishi huko hadi mwisho. Akapiga na mwimbaji Damon Albarn wa Uingereza, akapiga na Jeff Mills, bwana wa tekno, muziki wa dansi wa mashine, kutoka Detroit, Marekani, na mwaka 2017 akatoa rekodi ya kumuenzi Blakey, mwalimu aliyemfundisha kupitia santuri.

Mwaka 2010 aliingia studio London na Hugh Masekela, mpiga tarumbeta wa Afrika Kusini. Kazi ile ikabaki kiporo, na Masekela akafariki Januari 2018. Allen akairudia, akaikamilisha, ikatoka Machi 2020 kwa jina la Rejoice. Tarehe 30 Aprili mwaka huohuo akafariki Paris, akiwa na miaka 79. Itafuteni rekodi hiyo. Ala ni chache, nafasi ni kubwa, na ile minong'ono ya mkono wa kushoto unaisikia hata kwenye spika ndogo ya simu.