Prosesa ya kuhariri video za kwanjula nyumbani

Ndugu, nimekuelewa: video zako za 4K (picha kali sana) za kwanjula, ile sherehe ya Baganda ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi, zinakwamakwama ukizihariri, na muuzaji hapo Kampala anakusukumia prosesa ya Intel i5-12400F kwa kuwa bei yake ni nafuu. Bila kadi ya grafiki, usiichukue. Hiyo F ina maana prosesa haina grafiki ya ndani; hata picha kwenye skrini hutaiona. Pia unakosa Quick Sync, sehemu ya grafiki hiyo ya ndani inayofungua faili za H.265 (video zilizobanwa ziwe ndogo) bila kuilemea prosesa. Tafuta i5-12400 isiyo na F. Inakaa kwenye ubao mama wenye soketi ya LGA1700 tu. RAM isipungue GB 16. Na UPS (betri ya akiba ya umeme) usiiache kabisa: umeme ukikatika kompyuta ikiwa inatengeneza faili la mwisho la video, unaanza upya. Mashine ikijizima yenyewe, fundi akague pawa saplai kwanza.