Wagurindji walipewa nini 1975?

Ukisikia kwamba 1975 Wagurindji, jamii ya Waaborijini (wenyeji wa asili) wa Australia, walipewa umiliki wa ardhi yao, si kweli ndugu. Walipewa mkataba wa upangaji tu, eneo la zaidi ya kilomita za mraba 3,000. Kinachochanganya watu ni ile picha maarufu ya Waziri Mkuu wa Australia Gough Whitlam akimmiminia kiongozi wao Vincent Lingiari mchanga kiganjani. Sheria yenyewe ya haki za ardhi za Waaborijini kule Northern Territory, kaskazini mwa Australia, ilipita 1976, na hati ya umiliki wakaipata 1986.

Halafu mgomo wao wa 1966 kwenye ranchi ya ng'ombe ya Wave Hill haukuwa wa mshahara peke yake. Ni kweli wachunga ng'ombe wale walilipwa kidogo mno kuliko wazungu, na sehemu kubwa ya ujira ilikuwa unga, chai, sukari na nyama ya chumvi. Inauma. Lakini 1967 walishamwandikia Gavana Mkuu kudai ardhi ya mababu zao, hata kabla mshahara sawa haujaanza kutekelezwa mwishoni mwa 1968.

Lingiari alifariki 1988, kwa hiyo hati ilimkuta hai, miaka 20 tangu agome.