Biti za J Dilla: ni kweli alizima tu kwantaizi?

Swali: Shikamoo kaka. Huu ni mwaka wangu wa pili natengeneza biti kwa FL Studio, programu ya muziki ya kompyuta, na dramu zangu zimenyooka kama rula. Rafiki yangu amenisikilizisha J Dilla, akaniambia siri yake ni moja: alizima kwantaizi (ile inayonyoosha mapigo yako yakae kwenye mstari) kwenye MPC, mashine ya biti yenye pedi, akawa anapiga kwa vidole tu. Na mimi nimezima. Biti imekuwa kama mtu anayeporomoka ngazini na sufuria. Nakosea wapi? Halafu huyu Dilla alikuwa rapa au prodyuza?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Hilo la mwisho nalimaliza haraka: alikuwa vyote viwili. James Dewitt Yancey alizaliwa Detroit tarehe 7 Februari 1974, akakulia mtaa wa Conant Gardens katika nyumba ya muziki. Baba yake alipiga besi na kuimba. Kundi la Slum Village alilianzisha na T3 na Baatin, wenzake wa shule ya Pershing, na humo alirapu sana. Mwaka 2003 alitoa albamu na prodyuza mwenzake Madlib, Champion Sound, huyu akirapu juu ya biti za yule, na yule juu ya za huyu. Msikilize vizuri akirapu: maneno anayaburuza nyuma ya mdundo kama anavyoburuza kiki. (Nasema kiki ya dramu, ule mlio mzito wa chini, siyo ile wanayoitafuta wasanii wetu wiki moja kabla ya kuachia wimbo.)

Sasa kwantaizi. Rafiki yako amekupa nusu ya habari, na nusu hiyo ndiyo iliyokuporomosha na sufuria.

Mashine inayotajwa sana kwa Dilla ni Akai MPC3000, iliyotoka 1994. Ya kwake siku hizi iko Washington, kwenye makumbusho ya taifa ya historia na utamaduni wa Wamarekani Weusi. Kazi ya MPC alionyeshwa na mpiga kinanda wa mtaani kwao, Amp Fiddler, ambaye ndiye pia aliyemkutanisha na Q-Tip wa kundi la rap la A Tribe Called Quest. Mwaka 1995 kundi la rap la Wapharcyde likatoa "Runnin'" juu ya biti yake, na jina likaanza kutembea.

Mashine hiyo hugawa kila pigo moja vipande 96. Tuviite tiki. Ukiiweka biti kwenye tempo ya 90, pigo moja lina milisekunde kama 667, kwa hiyo tiki moja ni karibu milisekunde 7. Robo ya pigo, ile nafasi unayowekea hai-hati zako (zile sahani zinazolia "chi-chi"), ina tiki 24. Kwantaizi kazi yake ni moja: ukipiga pedi umechelewa tiki 5, inakuvuta kwenye mstari ulio karibu. Ukiizima, kila kosa la kidole chako linabaki palepale ulipolidondosha.

Na hapo ndipo ulipokwama. Kosa la kidole halina mpangilio. Mara umewahi tiki 3, mara umechelewa 8, kiki inakwenda huku, sneya (ile dramu kavu inayolia kama kofi) kule, na baa inayofuata, yaani mapigo manne yanayofuata, vyote vimebadilishana tabia. Sikio la msikilizaji halipati pa kushika. Nilifanya hivyohivyo nilipoanza, nikajiona nimeshakuwa mtu wa Detroit. Rapa aliyekuja kurekodi alivua hedifoni akaniuliza kwa upole kama kompyuta inakwama tuizime tuiwashe.

Dilla hakuwa anakwama. Ukizichunguza dramu zake kwa karibu utaona kitu kingine: kila chombo kina saa yake, na saa hiyo haibadiliki ovyo. Hai-hati inaweza kuwa imenyooka kabisa, ya kimashine. Sneya inaingia mapema kidogo, kama mtu anayejibu kabla hujamaliza kuuliza. Kiki nyingine iko kwenye mstari, nyingine inajikokota. Juu yake besi inatembea kwa swingi, ule mwendo wa kuyumba nitakaoueleza hapo chini. Kila kimoja ukikisikiliza peke yake hakina kioja. Vikikutana ndipo unapopata ule mwendo wa kulewalewa. Questlove, mpiga dramu wa The Roots, amesimulia mara nyingi jinsi alivyokuwa anaondoka kwenye shoo akasikia kiki ya Wapharcyde kutoka jukwaani, kiki iliyolegea kama imepigwa na mlevi, akarudi kusikiliza. Baadaye alijifunza kuupiga mwendo huo kwa mikono na miguu yake, na unausikia kwenye Voodoo, albamu ya mwimbaji D'Angelo ya mwaka 2000.

Dilla alikuwa na njia zaidi ya moja za kufika huko, na kupiga bila kwantaizi ilikuwa mojawapo tu. Kidole chake kilikuwa cha mtu aliyekaa na mashine usiku na mchana kwa miaka. Changu na chako bado. Kwa hiyo nakushauri uanze na njia unazoweza kuzihesabu.

Ya kwanza ni swingi. Hii ilikuwemo kwenye mashine za Roger Linn, mbunifu wa MPC, tangu mwanzo wa miaka ya 1980. Inachukua robo ya pili ya kila jozi na kuichelewesha. Kwenye 50% hakuna kitu, robo zote ni sawa. Kwenye 58% ile ya pili inasogea tiki 4, yaani milisekunde kama 28. Ukifika 66% umeshaingia kwenye mwendo wa tatu-tatu, ule wa shafo. Watu wengi huiweka swingi moja juu ya biti nzima, wakashangaa mbona inasikika kama ya kila mtu. Weka swingi kwenye hai-hati peke yake, acha kiki na sneya zimenyooka. Au kinyume chake. Mgongano huo ndio unaoutafuta.

Ya pili ni kusogeza chombo kizima. FL Studio kwa kawaida hufunguka na vipande 96 kwa pigo, sawasawa na MPC3000, kwa hiyo hesabu zangu unaweza kuzihamisha kama zilivyo. Fungua piano roli (ubao wa kupangia noti) na uondoe snapu, ile inayozivuta noti kwenye mstari. Chukua sneya zote mbili za baa uziwahishe tiki 2, yaani uzivute kushoto. Kiki ya kwanza usiiguse, hiyo ndiyo nguzo ya nyumba. Kiki ya pili ichelewesheni tiki 3 au 4, wewe na hilo paja lako linalopiga mdundo. Hai-hati ziache kwenye mstari. Sikiliza baa nne zikizunguka. Hizo siyo namba za Dilla, ni namba zangu za kuanzia, na kila tempo itazikataa kidogo.

Ya tatu watu wanaisahau: mahali unapokata sampuli, yaani kipande cha sauti unachokitumia kama dramu. Ukiacha ukimya wa milisekunde 10 mbele ya sneya, itasikika imechelewa hata kama noti imekaa juu ya mstari. Ukiibana mpaka mwanzo wenyewe wa mlio, inawahi. Ndiyo maana sampuli mbili za kiki kwenye gridi ileile hazichezi sawa. Kabla hujasogeza noti yoyote, vuta karibu picha ya wimbi uone sauti inaanzia wapi hasa. Nadhani nusu ya ule mporomoko wako imetoka hapo, maana paketi za dramu za bure zimejaa ukimya wa namna hiyo.

Ukimaliza, zima vyombo vyote ubakize hai-hati na sneya. Kama kichwa kinatikisika, rudisha kiki. Kama hakitikisiki, kiki haitakuokoa.

Kwa kusikiliza, anza na "Runnin'", kisha Fantastic, Vol. 2 ya Slum Village, ya mwaka 2000, ambako mwendo huo umekomaa na dramu ziko wazi kwa kuchunguza. Halafu Welcome 2 Detroit ya 2001. Albamu yake ya Donuts usianze nayo, ingawa ndiyo kila mtu atakayokutajia. Ina vipande 31, karibu vyote ni santuri za watu zilizokatwakatwa na kushonwa upya, na mara nyingi dramu unazosikia ni zile zilizokuwa kwenye santuri yenyewe. Ni shule nyingine. Aliitoa tarehe 7 Februari 2006, siku aliyotimiza miaka 32, akiwa mgonjwa wa damu na lupasi (maradhi ya kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe) kwa miaka kadhaa. Siku tatu baadaye alifariki Los Angeles. Ukishaweza kuichelewesha kiki bila rapa kukuuliza habari za kompyuta, ndipo uiweke Donuts.