Swali: Gari halijakosea wiki tatu, nifunge kitu kizito kwenye usukani?

Swali: Gari langu linajiendesha barabara kuu ya kwenda kazini. Wiki tatu halijakosea, ila linalia kila mara likitaka nishike usukani. Fundi anasema nifunge kizito, yaani uzani wa kuvuta usukani kama mkono, kengele itanyamaza. Kuna madhara?

Jibu: Usifunge, na huyo fundi mkimbie. Kengele inalia kwa sababu sensa haijausikia mkono wako. Laza mkono mmoja upande wa usukani, uzito wake uvute kidogo, itatulia. Baadhi ya usukani huhisi mguso wa mkono. Huo ukiuvalisha kava, huenda usihisi tena.

Mwezi Mei 2016 huko Florida, Tesla Model S iliyokuwa ikijiendesha iliingia chini ya trela lililokuwa likikatiza barabara, dereva akafa. Katika dakika 37 za kutumia mfumo, sensa ilihisi mikono yake sekunde 25 tu. Kizito kinaiga mkono, lakini hakikanyagi breki.

Kinachonitisha zaidi ni hizo wiki tatu, maana kila mtu huja na hoja hiyohiyo. Gari linalodai mkono usukanini ni daraja la 2 la kujiendesha, kati ya 0 hadi 5: linashika njia na spidi, dereva ni wewe. Kutokosea kwenye barabara uliyoizoea kunaonyesha tu kwamba bado halijakutana na jambo linalolishinda. Rada nyingi huchuja vitu visivyosogea, la sivyo kila kibao cha barabarani kingelifanya gari lifunge breki. Basi gari la mbele likihama njia ghafla na nyuma yake kuna lori lililoharibika, lako linaweza hata kuongeza mwendo. Kwa kilomita 100 kwa saa unakwenda mita 28 kila sekunde.

Mistari ya barabarani ikififia, mfumo unaweza kuuachia usukani kimyakimya: alama ndogo kwenye dashibodi inabadilika rangi, spidi inabaki palepale. Kwenye magari mengi, kukanyaga breki ndiko kunakozima mfumo. Mguu usikae mbali nayo.

Mafundi hawahawa wa njia za mkato hubadilisha kioo cha mbele na kurudisha kamera bila kuipima upya. Kamera ikipinda nyuzi 1 tu, umbali wa mita 100 mbele inakosea mita 1.75, yaani nusu ya njia nzima. Kioo kikibadilishwa, usiuwashe mfumo mpaka kamera ipimwe kwa vifaa vya kiwanda.