Anasoma meseji zangu halafu kimya

SWALI: Shikamoo anti. Mume wangu kahamishiwa kazi mbali huu ni mwaka wa pili, tunachati WhatsApp kutwa nzima, umeamkaje, umekula, lala salama, lakini nahisi kama nachati na huduma kwa wateja. Kinachoniuma zaidi meseji zangu anazisoma, tiki zinageuka bluu halafu kimya masaa matatu, nikiuliza eti alikuwa bize, tunaishia kugombana kwa meseji mpaka usiku wa manane. Shoga yangu kanishauri nimwambie awe ananishea lokesheni muda wote. Nifanye hivyo?
Mke wa Kwenye Simu

JIBU: Marahaba mwanangu. Shoga yako mshukuru halafu usimsikilize. Ile lokesheni ya laivu ya WhatsApp unachagua dakika 15, saa 1 au masaa 8, basi, kwahiyo utakuwa unamkumbusha aiwashe kila siku na siku chaji ikimwishia umepata kesi mpya. Na ukishaona kidoti kipo kazini ndo utajua anakuwaza? Iwashwe akiwa safarini usiku, ujue kafika.

Tiki za bluu zimekuja 2014, watu walikuwa wanapendana na kununiana kabla ya hapo. Mtu anafungua meseji bosi kasimama pembeni, anasema ntajibu nikitulia, anasahau, ndo hivyo tu mara nyingi. Kubalianeni mzizime wote, ipo kwenye mipangilio sehemu ya faragha, ila ujue ukizima zako na za wenzio huzioni tena (kwenye magrupu zinabaki, na voisi noti bado itaonyesha kama imesikilizwa). Mimi ningezima leo leo.

Sasa hayo maongezi yenyewe. "Umekula?" "Ndio, wewe je?" "Nimekula." Hapo mtu aongeze nini jamani? Mwambie kitasa cha chumbani kimeng'oka tena umefunga mlango kwa kamba, mrekodie voisi noti ya dakika moja unavyohangaika nacho huku unacheka, akikujibu we usikiguse ntakuja na bisibisi basi mume karudi nyumbani hata kama yuko mbali. Jioni mpigie video uegeshe simu jikoni uendelee na mambo yako na yeye apige pasi nguo zake huko, si lazima mkodoleane macho wala muongee muda wote, bando likiwa dogo pigeni ya sauti tu inakula kidogo. Na ugomvi usichati kabisa, mtu akiandika "sawa" hujui kanuna au kachoka, mwambie hili tuliongee kwa simu saa fulani, mkishapoa.

SWALI: Anti, nimemnunulia mama simu ya tachi ili tuonane kwa video lakini kila nikipiga naona dari, nikimwambia ashushe simu naona sikio. Nimfundisheje?
Mtoto wa Mwisho

JIBU: We ongea na dari mwanangu, mama yupo anakusikia. Sikio unaliona kwa sababu ndivyo alivyozoea kushika simu miaka yote, usimgombeze. Aliye naye karibu amwegeshee kwenye kikombe, ikishindikana mpigie ya kawaida, na picha za wajukuu mtumie azikuze kwa vidole vyake mwenyewe, hilo huwa wanajifunza upesi sana sijui kwanini.